Balungi Lisilopatana na Kidonge

Asubuhi ile Marlene alichuchumaa kung'oa magugu kwenye shamba lake la mihogo, kule Ziwani, na alipotaka kuinuka miguu ilikataa. Haikufa ganzi wala haikuteguka. Ilikataa tu. Mapaja yalimuuma kama ya mtu aliyetwanga mpunga wa harusi siku mbili mfululizo, naye hakuwa ametwanga chochote. Akashika mpini wa jembe, akajivuta, akaanguka kwa makalio. Akajivuta tena. Mara ya tatu alisimama huku akitweta, akageuka kutazama kama kuna mtu njiani aliyemwona.

Hakuwa mwanamke wa kuonekana amekaa chini saa za kazi. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Mama yake alimvusha mto Ruvuma akiwa mtoto wa mgongoni, wakati vita vya Msumbiji vimepamba moto, na tangu alipojua kushika jembe hakuwahi kulitundika. Mumewe, Erasto, alipofariki, watu walisema sasa atauza shamba arudi kwa ndugu zake ng'ambo. Yeye akaongeza ekari moja na nusu. Kijijini wanamwita Mama Leonel, kwa jina la mwanawe wa pekee, na wenye utani naye humwita Mmawia, jina wanaloitwa Wamakonde waliotoka Msumbiji, wakimaanisha kichwa kigumu. Jina hilo halikumuudhi hata siku moja. Alikuwa akiitika.

Miezi minne kabla ya asubuhi ile alikuwa amemzika dada yake. Graca alianguka akiwa anasonga ugali, nyumbani kwake Mtawanya, pembezoni mwa mji wa Mtwara. Mdomo ukavutwa upande mmoja, maneno yakapotea, na siku ya tatu akafa. Watu wa hospitali walisema ni kiharusi, na kwamba damu yake ilijaa mafuta muda mrefu bila yeye kujua. Matanga yalipokwisha, Marlene hakungoja kutumwa na mtu. Alikwenda kituo cha afya mjini kupimwa. Majibu yalipotoka, naye mafuta yalikuwa juu. Akaandikiwa kidonge, simvastatini, kimoja kila jioni. Akaambiwa apunguze chumvi, nyama nono na vya kukaanga. Hakuambiwa kingine.

Akakimeza kila jioni bila kuruka hata siku moja, maana ule mdomo wa Graca haukumtoka machoni.

Sasa, nyuma ya nyumba yake kuna mibalungi minne. Aliipanda mwenyewe, na huzaa mabalungi makubwa, mekundu ndani, yenye ule uchungu mdogo unaobaki ulimini. Zamani aliyagawa bure, hakuna aliyeyataka. Lakini miaka ya karibuni watu wa mjini wameanza kuambiana kwamba balungi linayeyusha mafuta mwilini, basi Marlene akawa anakamua juisi na kwenda kuiuza kwenye stendi ya Mtawanya, kwenye ndoo yenye mfuniko. Sauti yake ilijulikana pale. "Balungi la kuyeyusha mafuta! Mwenye tumbo asogee!"

Naye aliamini alichokuwa akikitangaza. Mwezi wa tano mabalungi yalipoiva, akaona huo ndio msaada wa kidonge. Asubuhi alikula balungi zima. Jioni alijimiminia kikombe kikubwa cha juisi, na mara nyingi kidonge chenyewe alikisukuma kwa juisi hiyohiyo.

Mwezi wa sita miguu ikaanza.

Mtu wa kwanza kujua alikuwa Leonel. Yeye ni fundi wa kuchomelea mageti, anaishi Mtawanya na mkewe. Alikuja Jumapili, akamkuta mama yake anashuka ngazi mbili za kibaraza kwa kushika ukuta.

"Mama, hiyo ni umri," alisema. "Njoo ukae kwangu. Shamba tutamtafutia mtu alime."

"Umri umenikuta lini?"

"Mama na wewe..."

"Nakuuliza, Leonel. Mwezi wa tano nimelima kutoka hapa mpaka kwenye ule mkorosho uliovunjika tawi. Peke yangu. Leo nikienda chooni nafikiria kwanza nitainukaje. Uzee hauji kwa wiki tatu, mwanangu. Kinachokuja kwa wiki tatu kina jina lake."

Leonel alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekwisha amua, akamwachia sukari na sabuni, akaondoka.

Marlene akaenda kituo cha afya. Tabibu wa zamu alikuwa kijana mwenye haraka. Alimuuliza miaka, akaandika, akainua macho.

"Bibi, sitini na mmoja? Hiyo baridi yabisi. Halafu huu ni msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, ile poda mnaivuta sana."

"Mwaka huu sijapuliza. Nimepulizisha watu, mimi nilikuwa stendi nauza."

"Hata harufu inatosha." Alikuwa tayari anamwita anayefuata.

Hakumgusa mguu. Alimwandikia dawa za maumivu, Marlene akazinywa zikaisha, mapaja yakabaki vilevile. Jirani mmoja akamwambia aache vidonge vya hospitali, vinawamaliza watu. Mwingine akataja jina la shangazi wa marehemu mumewe na macho yake mabaya. Marlene aliwasikiliza wote wawili. Kuhusu vidonge alijibu, "Graca hakuwa anameza chochote, na nimemzika." Lile la shangazi alilipuuza, akaendelea kumenya mihogo.

Kilichomtisha kilikuja baada ya siku chache. Alikwenda haja ndogo asubuhi akaona mkojo umekuwa wa rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Hapo alikaa kwenye kigoda uani, akajilazimisha kufikiri kama mtu anayemtafuta mwizi aliyeingia nyumbani.

Kidonge alikianza mwezi wa pili. Wa pili, wa tatu, wa nne, mzima. Kwa hiyo kidonge peke yake hakikuwa na kosa. Mwezi wa tano kiliingia nini kipya? Jembe jipya, lakini jembe lingeuma mabega. Salfa ilipulizwa yeye hayupo. Kikabaki kitu kimoja, na alipokifikia karibu ajicheke. Tunda? Tangu lini tunda likauma mapaja? Lakini hakujicheka. Asubuhi hiyo hakula balungi, akavaa khanga safi, akapanda bodaboda kwenda mjini.

Kwenye dirisha la dawa pale kituoni alikaa Shafii, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Foleni ilikuwa ndefu. Zamu ya Marlene ilipofika, aliweka mezani kile kibahasha cha karatasi alichopewa dawa.

"Hii dawa ikija kwenu inakuwa kwenye boksi," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na ndani ya boksi kuna karatasi."

"Ipo."

"Naitaka hiyo karatasi."

Shafii alimtazama juu ya miwani. "Ya nini? Imeandikwa Kiingereza, tena herufi ndogo kama sisimizi. Hutaisoma."

"Kutoisoma ni shida yangu. Karatasi ni ya dawa ninayoimeza mimi."

"Mama, watu wanasubiri."

"Hata mimi nasubiri."

Nyuma yake watu walianza kuguna. Mwanamke mmoja akasema, "Si umpe tu, kaka, tuondoke hapa." Shafii akavuta kikapu cha maboksi matupu kilichokuwa chini ya meza, akapekua kwa hasira, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi mpaka imekuwa kama kiberiti, akaisukuma nje ya dirisha.

"Haya, Mmawia. Kasome."

"Ahsante," alisema Marlene.

Mwalimu Beatrice anafundisha sekondari, masomo ya sayansi, na huwa ananunua mihogo kwa Marlene. Siku hiyo alikuwa nyumbani kwake, shule zimefungwa, anapukuchua mahindi. Aliifungua karatasi ikafunika magoti yote mawili. Akasoma kimyakimya, kidole kikishuka mstari kwa mstari, Marlene akimwangalia uso tu.

"Hapa wanasema vitu ambavyo huruhusiwi kuchanganya na dawa hii," alisema mwalimu. "Kuna dawa za fangasi, dawa fulani za kuua vijidudu... na kuna tunda. Ngoja, jina lake silitumii mara kwa mara." Akachukua simu, akatafuta. Akarudi kwenye karatasi, akauweka kidole palepale.

"Sema, mwalimu."

"Balungi. Wanasema usile balungi wala usinywe juisi yake."

Kuku walikuwa wanadonoa mahindi na hakuna aliyewafukuza.

"Endelea," alisema Marlene.

"Wanasema ukisikia maumivu ya misuli, au mwili kuishiwa nguvu, au ukiona mkojo wa rangi nzito, umwone daktari mara moja. Mama Leonel, mkojo wako uko vipi?"

Marlene alikuwa anaitazama karatasi. "Hii imekuwa kwenye boksi tangu mwezi wa pili?"

"Ndiyo."

"Boksi wakalitupa kwenye kikapu, mimi wakanipa kibahasha."

"Ndiyo, mama. Sasa mkojo?"

Alipomwambia, mwalimu hakuvaa hata viatu vizuri. Alisimamisha bajaji barabarani wakaenda moja kwa moja hospitali.

Daktari aliyempokea anaitwa Farida, mwanamke mfupi, mpole wa sauti. Huyu alimgusa. Alimbonyeza mapaja, akamwambia asimame bila kushika kitu, akaona hawezi. Akachukua damu na mkojo. Jioni alirudi na majibu, akavuta kiti.

"Misuli yako inavunjika, mama, na mabaki yake yanamwagika kwenye damu. Figo zinahangaika kuyachuja, ndiyo rangi uliyoiona. Bado zinafanya kazi. Ungeendelea hivi, sijui kama zingevumilia."

"Ni balungi?"

Daktari alishangaa. "Nani amekuambia?"

"Miguu imeniambia. Mwalimu akanisomea."

Basi Daktari Farida akamweleza vizuri. Kwenye utumbo kuna kitu ambacho kazi yake ni kuivunjavunja ile dawa kabla haijaingia yote kwenye damu, na anayeandika kipimo cha kidonge amekwisha kuhesabu kwamba sehemu kubwa itavunjwa. Balungi linakizuia kile kitu kisifanye kazi. Dawa inapita nzimanzima. Kwa hiyo Marlene alikuwa anameza kidonge kimoja, lakini mwili wake ulikuwa unapokea kama amemeza kadhaa, kila siku, kwa wiki nyingi.

"Nikila balungi asubuhi na kidonge jioni je?"

"Haisaidii. Balungi la asubuhi bado linafanya kazi jioni, pengine mpaka kesho yake. Na si hii dawa peke yake. Zipo nyingine za mafuta, na baadhi ya za presha."

Akasimamishiwa kidonge, akatundikiwa maji kwa siku tatu. Leonel alikuja siku ya pili, akakaa kitandani upande wa miguuni, akasema, "Nikirudi Ziwani naikata ile miti."

"Thubutu."

"Mama, imekaribia kukuua!"

"Mti umesimama pale miaka kumi na minane haujamdanganya mtu. Aliyejua ni mwenye karatasi, akaitupa. Panga lako lipeleke kwako." Kisha akamgeukia daktari, aliyekuwa anaandika kwenye faili. "Daktari, mimi kidonge nakitaka. Dada yangu nimemuona alivyokufa. Na mabalungi ni yangu, nimeyapanda kwa mikono hii. Kwa nini nichague kimoja?"

Daktari Farida aliacha kuandika. Akasema ipo dawa nyingine ya mafuta ambayo mwili unaishughulikia kwa njia tofauti, rosuvastatini, nayo haigombani na balungi. Lakini si leo. Kwanza misuli ipone, damu irudiwe kupimwa baada ya wiki sita, halafu waanze kidogo, na maumivu yakirudi hata ya kidole arudi siku hiyohiyo.

"Wiki sita nitahesabu mwenyewe," alisema Marlene.

Aliruhusiwa Jumatano. Leonel alitaka kumpeleka kwake akapumzike. Alikubali kulala, lakini kulala hakukufaa kitu, kwa sababu kila akifumba macho alijisikia mwenyewe akiita stendi. Mwenye tumbo asogee. Walisogea wangapi? Na wenye tumbo ndio haohao wanaoandikiwa vidonge vya mafuta. Tangu apatwe na maradhi alikuwa amekasirika tu. Sasa aliona haya, na haya zilimuuma kuliko mapaja.

Kesho yake alikwenda stendi akitembea taratibu, bila ndoo. Wateja wake wa kila siku aliwajua. Aliwafuata mmoja mmoja: wewe unameza kidonge cha mafuta kwenye damu? Wengi hawakumeza. Mzee Bakari, fundi cherehani ambaye hakukosa chupa yake ya saa nne, aliacha kukanyaga mashine.

"Nameza. Mwaka wa pili sasa. Kwani vipi?"

"Miguu yako ikoje?"

"Aa, miguu acha tu. Mke wangu ananikanda kila siku. Siku hizi hata kukanyaga hii cherehani..." Akamtazama vizuri. "Kwani vipi, Mama Leonel?"

Akamwambia. Hakupunguza chochote. Mzee Bakari aliitazama chupa tupu ya wiki iliyopita iliyokuwa chini ya meza.

"Kwa hiyo umekuwa ukiniuzia maradhi."

"Ndiyo. Sikujua, lakini nimekuuzia. Sasa najua, na ndiyo nimekuja. Funga mashine twende hospitali. Ukitaka kunitukana, nitukane njiani."

Alimtukana kweli, mpaka kwenye geti la hospitali. Kisha akamshika mkono kupanda ngazi, maana wote wawili walikuwa wanachechemea. Damu yake ilionyesha misuli imeanza kuumia, haijafika mbali. Naye akabadilishiwa dawa.

Alhamisi iliyofuata ilikuwa siku ya kliniki ya presha na sukari pale kituo cha afya. Wazee hujaa kwenye mabenchi tangu saa moja. Marlene aliingia na balungi moja mkononi na ile karatasi mfukoni, akasimama katikati.

"Samahanini ndugu zangu. Hili mnalijua?"

"Balungi," wakaitika wachache.

"Nani hapa anameza dawa ya mafuta kwenye damu?" Mikono ikainuka, mmoja, minne, ikawa tisa. "Nani amewahi kuambiwa humu ndani asile hili?"

Hakuna mkono.

Shafii alitoka kwenye chumba cha dawa akiwa amekunja uso. "Mama, hapa si mkutanoni. Unawatisha wagonjwa, wataacha dawa. Toka nje."

Hilo la kuacha dawa lilimgusa, kwa sababu lilikuwa la kweli. Akageuka kwa wazee. "Msiache dawa! Mnanisikia? Mimi dada yangu kafa kwa kutokuwa na dawa. Acheni balungi, mkamuulize daktari. Mtu asiache kidonge kwa maneno yangu."

"Mlinzi!" aliita Shafii.

Mlinzi akaja, akamkuta Marlene amekwisha kaa kwenye benchi, kati ya bibi wawili, mikono kifuani. "Mjukuu wangu," alimwambia mlinzi, "miguu yangu haijapona. Ukitaka nitoke utanibeba." Mlinzi alimtazama, akamtazama Shafii, akakuna kichwa, akaenda kusimama mlangoni.

Kelele zilimtoa ofisini mganga mfawidhi, mkuu wa kituo. Alikuwa mtu wa utaratibu, akaanza kwa kuueleza huo utaratibu: malalamiko huandikwa, kuna sanduku. Marlene akamkabidhi karatasi, sehemu ya balungi imezungushiwa kalamu nyekundu ya mwalimu Beatrice, pamoja na karatasi yake ya kuruhusiwa hospitali. Mfawidhi akasoma amesimama. Alisoma muda mrefu kuliko urefu wa maandishi. Hakuomba radhi mbele ya watu. Alisema tu, "Shafii, njoo ofisini," na kwa Marlene, "Mama, kaa. Usitoke."

Baada ya hapo mambo hayakugeuka kwa siku moja. Wiki mbili zilipita kimya. Kisha vibahasha vikaanza kutoka vimeandikwa kwa kalamu ya wino, kwa mkono: USILE BALUNGI NA DAWA HII. Marlene alipokwenda kuhakikisha, Shafii alimwonyesha kidole cha kati cha mkono wa kulia, kimeota sugu ya kalamu.

"Umeniongezea kazi."

"Andika herufi kubwa zaidi. Wazee hawaoni."

Shafii alifyonza. Lakini kibahasha alichokuwa anakiandika wakati ule, herufi zake zilikuwa kubwa.

Wiki sita zilitimia, damu ikarudi safi, akaanza kidonge kipya, kile kisichogombana na balungi, kwa kipimo kidogo kama daktari alivyosema. Mwezi wa tisa alilima matuta ya mihogo, si marefu kama zamani, lakini aliyalima yeye. Leonel alikuja Jumapili, akamkuta shambani, akavua shati akachukua jembe la pili bila kuambiwa. Habari ya kuhamia mjini hakuitaja.

Stendi alirudi na ndoo ya mwisho wa msimu. Sasa haiti tena habari ya kuyeyusha mafuta. Anauza juisi, basi, na kila mgeni anamuuliza kwanza. Wapo wanaokasirika. Siku moja aliteremka mwanaume mnene kwenye gari, funguo zinalia mkononi, akaagiza chupa mbili.

"Unameza dawa yoyote ya moyo, ya mafuta, ya presha?"

"Wewe ni muuza juisi au daktari?"

"Muuza juisi. Unameza?"

"Nameza, sasa?"

"Jina lake?"

"Nitajuaje jina? Mama, niuzie nina safari."

"Kaulize jina, urudi. Ukipewa ruhusa nakupa chupa moja bure."

Mtu yule akacheka kwa dharau, akawaangalia waliokaa karibu wamuunge mkono. Mzee Bakari, kwenye cherehani yake, akainamia kitambaa. "Kuna wauzaji wengine," alisema yule bwana.

"Wapo. Nenda, nami nitakufuata nikawaambie."

Akasimama kidogo, kama mtu anayepima kama maneno yale ni ya kweli. Akaingia garini, akabamiza mlango. Marlene akachota kikombe kilichojaa kutoka kwenye ndoo, akakinywa chote hapohapo amesimama, gari lile bado halijaondoka.